Vina vya Akiba

Mzee hakuwa mtu wa kutunga kwa kalamu, hata zamani alipokuwa na macho. Alitunga kwa vidole. Aliweka mkono wa kulia juu ya meza, akaanza kugonga kwa kidole gumba, akaenda hadi kidole cha nne, akakigonga tena, akarudi, na alipofika tena kwenye gumba mstari ulikuwa umetimiza mizani nane au haukutimiza. Ukitimia, aliguna kidogo kooni kama mtu aliyeonja mchuzi akauona umekolea. Usipotimia, alimtukana aliye karibu, na aliye karibu siku hizi alikuwa binti yake.

Mtaani walimwita Mzee Vina, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile herufi zilikuwa za risasi na zinapangwa moja moja kwa mkono. Tenzi zake za ujanani alizichapa mwenyewe humo kiwandani baada ya saa za kazi, mkubwa wake akijua na kujitia hamnazo. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu mpaka yakafunga kabisa. Mke wake wa pili alikufa. Mtoto wa mke wa pili alihamia mbali, akawa anapiga simu siku akikumbuka. Ndipo mzee akatuma ujumbe kwa binti wa mke wa kwanza, ambaye hakumlea: aje amwandikie utenzi wake wa mwisho, utenzi wa maisha yake mwenyewe.

Binti alikuwa fundi wa vioo. Alikuwa na kibanda chake cha kazi nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, rula ya chuma, kopo la mafuta ya taa la kuchovyea almasi ya kukatia, na vioo vimeegemezwa ukutani kwa saizi. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo na ulimi wake haukuwa na subira. Alipopata ujumbe wa baba yake alicheka kicheko kibaya, kisha akasema atakwenda. Watu wakasema ameingiwa na huruma. Huruma wapi!

Alikwenda kwa sababu moja. Tangu hajafika darasa la kwanza alikuwa akisikia habari za mama yake zikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo: kwamba mume alipoumwa, mke alifunga virago akamwacha kitandani anatetemeka kwa homa. Hadithi hiyo iliwatangulia kila walikohamia. Mama alinyimwa vyumba vya kupanga kwa ajili yake. Jirani akiugua, wanawake wenzake walimtania kwa utani ambao haukuwa utani: "Huyu msimwachie mgonjwa, ataondoka." Mama hakuwahi kuwajibu. Aliyeisambaza hadithi hiyo alikuwa Mzee Vina, na binti alijua ni uongo mtupu kwa sababu siku hiyo yeye mwenyewe alikuwepo, nje ya mlango, amelowa chapachapa.

Sasa mzee anaandika maisha yake, na kitabu kitachapwa na kusomwa na watu. Siku moja atafika kwenye mlango ule. Binti alitaka kuwepo akifika, amsikie atasema nini.

Mama yake, ambaye aliishi naye, alisema tu, "Nenda, mwanangu. Ni baba yako." Neno hilo lilimkera binti kuliko matusi yote ya mzee yaliyofuata.

Na yalifuata. Kila alasiri alifunga kibanda, akapanda ngazi hadi chumba cha mzee ghorofani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kinayumba, mbele ya meza yenye kitambaa cha plastiki kilichoungua pasi. Dirisha la chumba lilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, umezibwa kwa utepe. Ingemchukua muda wa kunywa chai kulibadilisha. Hakulibadilisha, na alifurahi kila upepo ulipopita pale na mzee akajikunyata.

"Soma tulipofika," mzee aliamuru.

Akasoma.

"Unasoma kama mtu anayetangaza bei za nyanya. Utenzi unasomwa kwa pumzi. Soma tena."

"Pumzi zangu nimeziacha kazini, baba."

"Basi zifuate. Kisha urudi usome."

Mkaidi kwa mkaidi. Lakini ukweli usemwe, kazi mzee aliijua. Siku akiwa na nafuu ya tabia alieleza mambo ambayo binti, kwa hasira yake, hakuweza kuyasahau. Alisema shairi fupi mtu yeyote anaweza kulibahatisha, lakini utenzi mrefu hufia katikati. Mtunzi mchanga hula vina vyake vitamu mapema, akifika kwenye vita au kwenye kifo hana kitu, anaanza kurudia yale yale na kuchomeka maneno ya kujazia. "Mistari mitatu ya mwanzo nibadilishie vina unavyotaka," alisema, "lakini wa nne unaishia pale pale, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi wangu unaishia kwa 'ya'. Hiyo ndiyo kamba. Ukiikata, shanga zote chini." Na alisema mtunzi wa utenzi mrefu lazima awe bahili. Vina vizuri aviweke akiba mpaka pale atakapovihitaji.

Siku moja walikuwa bado kwenye utoto wake, anaeleza shamba la baba yake. Alikwama kwenye mstari wa pili. Binti, kwa kuchoka tu, akasema, "Si uweke kupanda? Kulinda, kupanda, kwenda."

Mkono wa mzee ukapiga meza. "Acha hiyo! Vina vya 'nda' usiviguse! Nimeviwekea akiba, nina kazi navyo huko mbele."

"Kazi gani?"

"Wewe andika. Mwandishi haulizi."

Binti akaandika, akasahau.

Wakapita utoto, wakapita shule, wakapita kiwanda na herufi za risasi, ambazo mzee alizisifu beti nyingi kuliko alizompa mama yake mzazi. Wakafika kwenye ndoa ya kwanza. Harusi aliipitia haraka haraka, kama mtu anayevuka dimbwi. Kisha akaweka mkono mezani, akagonga mzunguko mmoja tu kwa kila mstari, bila kusita wala kurudia, akasema:

*Nilipolala kitanda,*
*Homa mwili kunipanda,*
*Mke akaanza kwenda,*
*Nyumba akaikimbiya.*

*Akatwaa na mwanawe,*
*Bila kuaga mumewe,*
*Moyo wake kama jiwe,*
*Nyuma hakuangaliya.*

Akaguna kooni. Zimekolea.

Binti alikuwa ameshika kalamu na kalamu haiendi. Kitanda, kunipanda, kwenda. Kumbe hiyo ndiyo akiba. Haukuwa uongo wa mtu aliyebanwa akaropoka. Mzee aliutunza tangu mwanzo wa utenzi, akaukatalia shamba la baba yake mwenyewe vina vyake, ili siku ya siku uingie umevaa vizuri. Na yule "mwanawe" katika ubeti wa pili, aliyebebwa kama mzigo, ndiye aliyekuwa akiandikishwa hapo.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Akasoma. Sauti haikutetemeka, na hilo alijisifia baadaye. Mzee akasema safari hii amesoma vizuri kidogo.

Angeweza kumpasulia pale pale. Lakini alijua kwamba wakigombana mzee atatafuta mwandishi mwingine, mwanafunzi yeyote wa mtaani, na beti zitabaki. Akapiga moyo konde. Nakala safi ya kupeleka kiwandani ataiandika nani? Yeye. Mzee hana macho. Atatoa beti mbili, ataweka beti mbili, hesabu ya beti itakuwa ile ile. Siku mtu atakapomsomea mzee kitabu chake, kitakuwa kimeshaingia kila nyumba.

Kilichobaki kilikuwa kuzitunga, na hapo ndipo alipokiona cha moto. Alidhani ukweli utakaa wenyewe kwa kuwa ni ukweli. Haukukaa. Kila alichotaka kusema kilikuwa na mizani kumi na moja, au sita. Alisimama kibandani mbele ya kioo cha mteja, almasi mkononi, akigonga vidole juu ya blanketi, kwenda na kurudi. Mteja mmoja akamwuliza kama anahesabu deni. Alipojiangalia mkono akauona ni mkono wa baba yake, kidole kwa kidole, akauchukia, akaendelea kugonga. Aliharibu vioo viwili vya dirisha la choo. Lakini alizipata, na alipozipata alisikia utamu uliomtia aibu, kwani mama yake alikuwa nje kwenye mvua ndani ya beti zile na yeye anafurahia kina.

*Nilikomea mlango,*
*Ile homa ni uwongo,*
*Nikampa mke mgongo,*
*Mvua ikiwashukiya.*

*Mwana akagonga sana,*
*Baba, baba, akinena,*
*Nami kimya kama sina,*
*Sauti nikisikiya.*

Mstari wa mwisho aliuweka kwa chuki. Hakujua kama baba yake alisikia. Alikuwa mtoto, mlango ulikuwa mbao nene. Aliuweka kwa sababu ulimuuma zaidi kuliko mistari yote, na alitaka umuume na yeye.

Utenzi ukaisha. Ubeti wa mwisho kabisa ulikuwa ule wa desturi, mtunzi anapojitaja jina ili kazi yake isije ikaokotwa na mtu mwingine, na mzee alijitaja kwa jina lake lote na la baba yake. Binti akaandika nakala safi, akaipeleka kiwandani, akaondoka na moyo mwepesi.

Kosa lake ni kwamba hakukulia kiwandani. Angejua kwamba katika kiwanda kile mwandishi hakabidhiwi tu prufu yake, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, aisome; husomewa kwa sauti, neno kwa neno, yeye ametega sikio, maana jicho la mtu hulizoea kosa lake mwenyewe. Desturi hiyo aliianzisha Mzee Vina. Na mwenye kiwanda wa sasa, waliyemwita Wino tangu alipokuwa akijifunza kazi kwa mzee na kurudi kwao masikio meusi, asingethubutu kuivunja.

Siku ya mapumziko binti alimkuta Wino chumbani kwa baba yake, jitu nene lenye sauti kubwa, limekalia kitanda mpaka kinalia, prufu magotini.

"Dada karibu!" akasema Wino. "Umekuja wakati mzuri. Tuko kwenye harusi."

Binti hakukaa. Akaenda kusimama dirishani. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, vidole mezani, akifuata. Wino akasoma harusi, akageuza ukurasa, akasoma "Nilikomea mlango."

Vidole vya mzee vikasimama.

Wino aliendelea. Alisoma ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, na kwenye "Baba, baba" sauti yake kubwa ikapwaya, akakohoa, akamaliza kwa shida. Binti alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa tayari: mzee akipiga kelele tu, atayamwaga yote mbele ya Wino, mvua, mlango, mke wa pili, yote. Alikuwa akiiomba kelele hiyo ije.

Lakini Wino ndiye aliyewahi. Alifuta macho kwa kiganja. "Mwalimu wangu," akasema, "nimechapa tenzi za watu wengi wanaojieleza maisha yao. Wote ni mashujaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpiga mtu kofi. Wewe umejishitaki mwenyewe, hadharani, uzeeni. Sijapata kuona ubeti kama huu. Hapa ndipo utenzi ulipo. Hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapa."

Binti alimtazama baba yake, na alichokiona hakukisahau. Kwanza uso ulikunjana kama wa mtu aliyechomwa sindano. Kisha sifa zikaanza kuingia. Aliziona zinaingia. Mabega yakanyooka, kidevu kikapanda, na yale macho yaliyokufa yakatulia kwa ustaarabu kama ya mtu anayepigwa picha.

"Soma tena ule wa kwanza," mzee akasema.

Wino akasoma. Vidole vikaenda vikarudi.

"Mstari wa tatu umezidi mizani moja. Nikampa mke mgongo. Tisa hizo. Mwandishi wangu hana sikio." Akafikiri kidogo. "Andika: Nikawapa na mgongo. Walikuwa wawili."

Wino akaandika. Binti akashika ukingo wa dirisha.

"Na kabla ya ubeti wa jina langu ongeza huu." Akagonga, kwenda na kurudi, mara nne, mbio, kijana kabisa:

*Haya yote nimesema,*
*Sikuficha la lawama,*
*Mwenye moyo wa huruma,*
*Msamaha nangojeya.*

"Mwalimu," Wino akasema, na akalia tena bila haya. Alipoaga alimwachia binti nakala ya prufu na kumpiga bega kwa mkono mzito. "Una bahati, dada, kuwa na baba kama huyu."

Mlango ulipofungwa binti alisema, "Zile beti ni zangu."

"Zimeandikwa wapi kuwa ni zako?"

"Unajua ni zangu."

"Mimi nimepanga maneno ya watu maisha yangu yote," mzee akasema, naye alikuwa mchangamfu, alikuwa karibu ya kucheka. "Neno likishachapwa ni la mwenye jina pale mwisho. Ulitaka kunizika kwa beti mbili, siyo? Basi umenipa beti mbili ambazo mimi nisingeziweza. Zina kosa moja tu na nimelirekebisha. Ahsante. Kumbe kuna kitu ulirithi."

"Mzee huna haya hata chembe."

"Haya haijawahi kumtungia mtu ubeti."

"Unangojea msamaha kwa wasomaji! Mwombe mama. Yuko hai. Anakaa mwendo wa miguu kutoka hapa."

"Mama yako hanunui vitabu."

Binti alisogea mpaka mezani. Kuna dakika alidhani atampiga, kipofu na mzee kama alivyo, na mikono yake ilikuwa na nguvu ya kubeba kioo cha dirisha la duka. Aliivuka dakika hiyo kwa shida. "Kwa nini ulisema una homa?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba nimemchoka? Kwamba kuna mwingine nimemwahidi kumweka ndani? Watu hawapendi hayo. Homa iliingia masikioni vizuri, wakanipikia uji." Akageuza uso upande ilikotoka sauti ya binti. "Sasa sikiliza, maana mimi siogopi. Kama una wivu, zitoe. Nenda kesho kwa Wino, mwambie mzee amebadili mawazo, arudishe zile za kwanza. Atasikitika lakini atarudisha. Chagua mwenyewe: mama yako aliyemkimbia mgonjwa, au baba yako mwungwana aliyetubu. Zote mizani nane."

Hapo alimweza. Binti alisimama na prufu mkononi, na kila upande aliogeukia mzee alikuwa ameshafika. Akiacha beti, mama anasafishwa jina na mwovu anapigiwa makofi. Akizitoa, mwovu anabaki na uongo wake na mama anabaki nao pia, safari hii kwa wino.

Alikuwa na swali moja limebaki, akaliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua. "Ulinisikia kweli? Siku ile, nilipokuwa nagonga?"

Kidole gumba cha mzee kikagonga mara moja, kikaacha.

"Mstari wa mwisho wa ubeti ule wa pili, niliugusa?"

"Hukuugusa."

"Ningekuwa sikusikia, ningeurekebisha."

Binti aliondoka bila kuaga. Nusu ya ngazi alishuka ameshikilia ukuta.

Nyumbani mama yake alikuwa akipiga pasi sare za wauguzi wa zahanati, kazi aliyoifanya kwa malipo tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Rundo la nguo nyeupe lilikuwa kulia kwake, nyingine zilining'inia kwenye kamba mpaka mlangoni. Binti hakuwahi kumweleza habari za beti. Sasa alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akamweleza zote: akiba ya vina, nakala safi, Wino na machozi yake, na vile mzee alivyomwachia achague. "Jina ni lako, mama," akasema. "Siwezi kukuchagulia. Nitakusomea, useme mwenyewe."

Akasoma kwanza zile za mzee. Mama aliendelea kupiga pasi kola.

"Hizo nazijua," akasema. "Nimeishi nazo."

Akasoma zake. Kwenye ubeti wa pili mama alisimamisha pasi wima.

"Rudia wa mwisho."

"Sauti nikisikiya."

"Hilo umeliweka wewe tu, kupata kina?"

Hapo binti angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini, na lingekuwa nusu ya ukweli. Lakini chuki ilikuwa bado inachemka, na alitaka mama yake amchukie mtu yule japo mara moja, wawe wawili. "Niliweka mimi. Lakini nimemuuliza leo. Alisikia, mama."

Mama alivuta kiti akakaa.

"Bati la nyumba ile lilikuwa na kelele," akasema. "Mvua ikinyesha hatusikilizani hata chumba kimoja. Mimi nilijua kanifukuza. Hilo halikuwa siri kwangu. Lakini wewe ulivyogonga, ulivyomwita, nikajiambia hasikii. Nikajiambia mimi amenichoka, haya, wanaume huchoka, ila mtoto angemsikia angefungua. Mvua tu ndiyo imemzuia." Akatazama sare zilizoning'inia. "Watu waliponisema nilinyamaza kwa sababu hiyo. Nikasema nisimharibie, hajui hata alichofanya. Nikamwombea. Macho yalipomwisha nikakutuma wewe kwake. Nimekutuma kila siku, mwanangu, kwa mtu aliyekusikia."

Binti alitaka kumshika, akashindwa. Alikuja na jina la mama yake mkononi kama zawadi, na kumbe mama yake jina lile alishaacha kulililia zamani. Alichokuwa nacho kilikuwa mvua ile tu, na sasa hana.

"Nizitoe, mama? Nitamwambia Wino arudishe. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi." Mama akasimama, akashika pasi, akaijaribu kwa kidole kilicholowa mate. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Binti hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo, wala kwa majirani, wala kwa wenye nyumba waliowafungia milango. "Wazichape. Na jina lake lisikose pale mwisho, lote, na la baba yake. Wewe usidai hata neno. Asije mtu siku moja akamtetea, akasema yale yametungwa na binti mwenye kinyongo."

"Watamsifu, mama. Wino amelia machozi."

"Wamsifu. Atasifiwa na nani akishamaliza kusifiwa? Chumba kile si anakaa peke yake?"

Akatandaza sare nyingine mezani, akanyoosha mikono ya nguo kwa kiganja, akapitisha pasi. Kisha, bila kuinua macho, akasema neno la kumkataa mzee, ambalo binti alilingoja tangu utotoni, na sasa alipolisikia, hakulitaka tena.

"Na wewe kwake usirudi."